Herufi Q bila U: maneno ya Scrabble ambayo Mswahili anayajua tayari

Kila anayecheza Scrabble ya Kiingereza anaijua hofu ya herufi Q. Unatia mkono mfukoni, unatoa kete, unaigeuza, na hiyo hapo. Ina alama 10, nyingi kuliko karibu kete zote, lakini huna pa kuiweka kwa sababu huna U. Zamu zinapita, Q imekaa tu mbele yako, na mwisho wa mchezo inakukata alama.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba kwa Kiingereza Q haitembei bila U. Kwa maneno ya kila siku hiyo ni kweli. Lakini kamusi ya wachezaji wa Scrabble ina maneno mengi yenye Q bila U, na sehemu kubwa ya maneno hayo yametoka katika Kiarabu. Hapo ndipo mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati ambayo huenda hakuijua. Maneno hayo tunayo. Tunayatumia msikitini, mahakamani, sokoni na harusini. Tofauti ni kwamba sisi tunayaandika kwa K.

Katika makala hii tunaeleza maneno hayo ni yapi, yana alama ngapi na yanatumikaje kwenye ubao. Hifadhi ukurasa huu kwenye simu yako uweze kuusoma hata ukiwa huna bando.

Kwa nini Q inasumbua?

Scrabble ilibuniwa na Mmarekani Alfred Butts katika miaka ya 1930, baada ya kupoteza kazi yake ya usanifu wa majengo wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue ipi hutumika sana na ipi ni adimu. Herufi ya kawaida kama E ikapewa kete nyingi na alama chache. Herufi adimu ikapewa kete chache na alama nyingi. Jina la Scrabble lilikuja baadaye, mwaka 1948, wakati James Brunot alipoanza kuutengeneza mchezo huo kwa ajili ya kuuza.

Seti nzima ina kete 100. Q ni moja tu. U ziko 4, na kete tupu, ambazo huweza kusimama badala ya herufi yoyote, ziko 2. Kwa hiyo U zote 4 zikishatoka na wewe bado unayo Q, mtu anayejua maneno ya QU peke yake amekwama.

Kukwama huko kuna gharama. Mpinzani akimaliza kete zake huku Q imekubakia, wewe unapunguziwa alama 10 na yeye anaongezewa 10. Hilo ni pengo la alama 20 kwa kete moja. Michezo mingi huamuliwa kwa chini ya hapo.

Q na U zilikutana wapi?

Kiingereza cha zamani hakikuandika QU. Neno linaloandikwa leo QUEEN, yaani malkia, liliandikwa CWEN. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, waandishi walileta mtindo wa Kifaransa na Kilatini wa kuandika QU, na CW ikafa. Tangu hapo Q na U zikawa kama chanda na pete.

Baadaye Waingereza walisafiri, wakafanya biashara na wakatawala nchi nyingi. Walikutana na Waarabu, Waajemi, Wahindi na Wachina, wakachukua maneno yao. Kiarabu kina herufi qaf, ق, inayotamkwa ndani kabisa kooni. Walipoiandika kwa herufi za Kilatini, wengi waliiwakilisha kwa Q pekee. Hivyo Q isiyo na U ikaingia katika kamusi za Kiingereza.

Kiswahili kilipokea maneno mengi kutoka katika chemchemi hiyo hiyo. Lakini alfabeti ya Kiswahili sanifu haina Q. Sauti ya qaf tukaiandika kwa K, kama katika kadhi, kibla na talaka. Kwa hiyo njia rahisi ya kuyakumbuka maneno haya ni kuanza na neno la Kiswahili, kisha kuirudisha qaf mahali pake.

Maneno unayoyajua tayari

Maneno yafuatayo yanakubaliwa katika orodha ya Collins Scrabble Words, ambayo hutumika katika nchi nyingi duniani na katika mashindano mengi ya kimataifa. Alama tulizoziweka ni za kete zenyewe, kabla ya kuzidishwa na miraba ya rangi.

SUQ, alama 12. Ni soko. Neno letu soko na hili lina asili moja. Hapa U ipo, lakini imetangulia Q, na Q imekaa mwisho.

QAT, alama 12. Ni ule mmea unaotafunwa, ambao Kenya huitwa miraa na Tanzania mirungi. Mmea wenyewe una sheria zake: Kenya ni zao la biashara, Tanzania umepigwa marufuku, na Uingereza iliupiga marufuku mwaka 2014. Kwenye ubao, neno ni halali kote.

QADI, alama 14. Ni kadhi, hakimu wa sheria za Kiislamu. Ndiye yule wa mahakama za kadhi za Kenya na Zanzibar.

TALAQ, alama 14. Ni talaka, yaani mume kumwacha mke kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu. Q iko mwisho, jambo linalosaidia pale nafasi ya kuanzia neno inapokosekana.

TARIQA, alama 15. Ni tarika, njia ya masufi, kama Kadiria na Shadhilia zinazojulikana sana katika pwani yetu.

QIBLA, alama 16. Ni kibla, upande wa Makka, ambako Mwislamu huelekea anaposali na ambako mnyama huelekezwa anapochinjwa.

NIQAB, alama 16. Ni nikabu, kitambaa cha kufunika uso.

BURQA, alama 16. Ni burka, vazi linalomfunika mwanamke mwili mzima na uso.

QASIDA, alama 16. Ni kasida, au kaswida kama wengine wasemavyo. Sisi tunaijua kwa kuimbwa kwenye maulidi. Katika Kiingereza ni shairi la Kiarabu au la Kiajemi, hasa la sifa.

FAQIR, alama 17. Ni fakiri. Maana imehama kidogo: kwetu fakiri ni mtu asiye na kitu, na kwa Kiingereza ni mcha Mungu aliyeacha mali ya dunia akaishi kwa sadaka.

WAQF, alama 19. Ni wakfu, mali iliyotolewa kwa ajili ya dini au hisani, kama shamba la msikiti au nyumba ya kulea mayatima.

FIQH, alama 19. Ni fikihi, elimu ya sheria za Kiislamu. Aliyesoma madrasa amelisikia neno hili tangu utotoni.

QALAMDAN, alama 20. Ni kisanduku cha kuwekea kalamu, cha Kiajemi. Neno kalamu limo ndani yake. Lina herufi 8 na wewe unashika kete 7, kwa hiyo unahitaji herufi moja iliyokwisha kuwekwa ubaoni. Ukiziteremsha kete zako zote 7 kwa mpigo, unapata nyongeza ya alama 50.

Mengi ya maneno haya huchukua S ya wingi wa Kiingereza mwishoni: SUQS, QATS, QADIS, TALAQS, QIBLAS, NIQABS, BURQAS, FAQIRS, WAQFS. Hilo lina faida kubwa. Mpinzani akiweka QAT na wewe una S, unaweza kuandika neno lako likikatiza hapo, ukahesabiwa alama za neno lako pamoja na alama zote za QATS.

Maneno mengine ya Q bila U

Neno muhimu kuliko yote ya Q limetoka China. Ni QI, lenye alama 11. Hutamkwa "chi", na maana yake ni nguvu ya uhai inayosemwa kuzunguka mwilini. Kama utakariri neno moja tu kutoka katika makala hii, basi liwe hili. I ziko kete 9 katika seti, kwa hiyo mara nyingi utakuwa nayo mkononi au utaikuta ubaoni. Wingi wake ni QIS. Ndugu yake ni QIGONG, alama 17, mazoezi ya Kichina ya pumzi na mwili.

QWERTY, alama 21, unalo mkononi sasa hivi. Fungua sehemu ya kuandika ujumbe kwenye simu yako, kisha usome herufi 6 za kwanza za mstari wa juu. Kiingereza kimelifanya jina la mpangilio huo wa herufi.

QOPH, alama 18, ni herufi ya Kiebrania, ndugu wa qaf. SHEQEL, alama 18, ni pesa ya Israeli. QANAT, alama 14, ni mfereji wa chini ya ardhi wa kupitisha maji, kama ile ya Iran. TRANQ, alama 14, ni kifupi cha mtaani cha dawa ya kutuliza. Na Afrika Kusini imetoa MBAQANGA, alama 22, muziki wa dansi uliotoka katika vitongoji vya watu weusi.

Mambo ya kuwa nayo macho

Kwanza, si kila neno lenye qaf katika Kiarabu limeingia katika orodha. Rafiki, dakika na sanduku yote yana qaf kwa asili, lakini usijaribu kuyabadilisha K kuwa Q ukayaweka ubaoni. Neno likipingwa na likakutwa halimo katika kamusi, unaondoa kete zako na zamu imekupita. Tumia yale uliyoyathibitisha.

Pili, jihadhari na QAID. Ni neno halali, alama 14, lakini maana yake si mkaidi. Ni kiongozi au kamanda. Zuri lake ni kwamba lina herufi zile zile za QADI. Ukiwa na A, D, I na Q, una maneno mawili ya kuchagua, na Q inabaki mwanzoni katika yote mawili.

Tatu, kuna tahajia zaidi ya moja. Huenda Q ikawa mkononi mwa mwenzako na wewe una K. Usikate tamaa: FAKIR, BURKA, KHAT na SOUK pia ni halali. Hapo huhitaji hata kuibadilisha K yako.

Nne, Marekani na Kanada zina orodha yao ya maneno, ambayo ni fupi kuliko ya Collins. Ukicheza kwa programu ya simu au na mtu aliyezoea orodha hiyo, angalieni kwanza mnatumia ipi. Kubalianeni kabla kete hazijatoka mfukoni. Ugomvi mwingi wa Scrabble huanzia hapo.

Jinsi ya kuitumia Q kwenye ubao

Ukiivuta Q, jambo la kwanza ni kutafuta I iliyo wazi ubaoni, yenye nafasi mbele yake. Hapo QI inakaa.

Jambo la pili ni kutazama miraba ya rangi. Ukiiweka Q kwenye mraba unaozidisha herufi mara tatu, Q peke yake inakuwa 30, na QI inakuwa 31. Ukifanikiwa kuunda QI mbili kwa zamu moja, ya kulala na ya kusimama, zote zikitumia Q hiyo hiyo, unapata 62. Hizo ni kete mbili tu: Q na I moja ya kwako, na I ya pili ilikuwa ubaoni tayari.

Jambo la tatu, usiiweke akiba. Wapo wanaoishika Q zamu nyingi wakisubiri neno kubwa. Wakati huo wote wanacheza kwa kete 6 badala ya 7. Alama 25 unazozipata leo ni bora kuliko 50 unazoziota.

Jambo la nne, hesabu U. Ziko 4 tu. Ukiona zote zimeshatoka na wewe huna njia ya neno lisilo na U, badilisha Q mapema. Kubadilisha kunakugharimu zamu moja, na kunaruhusiwa tu kama mfukoni zimebaki kete 7 au zaidi. Ukichelewa, mlango umefungwa.

Jambo la tano, linda. Kama Q haijatoka na mfuko unakaribia kuisha, usimwachie mpinzani I iliyo wazi karibu na mraba wa rangi. Anaweza kuwa ndiye aliyenayo.

Na maneno ya Kiswahili chenyewe

Tukiacha Q, orodha ya Collins imepokea pia maneno kutoka kwetu. SAFARI na BWANA yanajulikana na wengi. Lakini yapo pia ASKARI, PANGA, UGALI na mengine yanayokusaidia kutoa herufi ngumu. MZEE ni alama 15, na KANZU ni 18, yote kwa sababu ya Z. UJAMAA ni alama 15, na linakuondolea J pamoja na A tatu. UHURU lina alama 8 tu, lakini ukijikuta na U tatu, hakuna neno utakalolishukuru zaidi.

Kumbuka kwamba hapo maneno haya yameshavaa sarufi ya Kiingereza. Wingi wake ni kwa S: KANZUS, na hata MZEES. Sikio la Mswahili linakataa, lakini ubao unakubali.

Je, lazima ujue Kiingereza sana?

Swali hili huwazuia wengi, hasa vijana wa vijijini wanaodhani mchezo huu ni wa waliosoma shule za mjini. Jibu ni hapana. Scrabble haikuulizi maana ya neno wala matamshi yake. Inauliza tu kama neno limo katika orodha.

Mfano mkubwa ni Nigel Richards wa New Zealand. Mwaka 2015 alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, naye hazungumzi Kifaransa. Alikariri maneno tu. Mwaka 2024 akafanya vivyo hivyo kwa Kihispania. Na mwaka huo huo wa 2015, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, katika mashindano yaliyofanyika Perth, Australia.

Mtoto aliyesoma madrasa na akajua fikihi, kibla na wakfu anaanza na maneno ambayo wazungumzaji wengi wa Kiingereza hulazimika kuyakariri kama mageni.

Huna seti? Tengeneza

Kata kadibodi vipande 100 vinavyolingana, kisha andika herufi kwa kalamu ya wino mzito:

E: 12
A na I: 9 kila moja
O: 8
N, R na T: 6 kila moja
D, L, S na U: 4 kila moja
G: 3
B, C, F, H, M, P, V, W na Y: 2 kila moja
J, K, Q, X na Z: 1 kila moja
Tupu: 2

Alama zake ni hizi: A, E, I, O, U, L, N, R, S na T ni 1. D na G ni 2. B, C, M na P ni 3. F, H, V, W na Y ni 4. K ni 5. J na X ni 8. Q na Z ni 10. Kete tupu haina alama. Ubao una miraba 15 kwa 15, na unaweza kuuchora kwenye kadibodi la boksi.

Jipime

Panga herufi hizi upate neno lenye Q. Majibu yako chini, usichungulie.

1. A, F, Q, W
2. A, B, I, N, Q
3. A, A, L, Q, T
4. A, F, I, Q, R
5. F, H, I, Q
6. A, D, I, Q (yako mawili)

Majibu: 1. WAQF. 2. NIQAB. 3. TALAQ. 4. FAQIR. 5. FIQH. 6. QADI na QAID.

Ukipata manne au zaidi, uko tayari. Ukipata machache, anza na matano: QI, QAT, SUQ, QADI na WAQF. Yaandike kwenye karatasi, uyatazame kwa wiki moja, kisha utafute mtu wa kucheza naye. Siku utakayoivuta Q, usiikunjie uso.